Nimemdhamini kaka kwenye kesi ya kumpiga mkewe, sasa familia inanituma kwa shemeji akaombwe kufuta. Nifanyeje?

MdogoMtu

Wakuu habari za jioni. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Kaka yangu ana kesi mahakama ya wilaya, huku Mwanza. Mashtaka mawili: shambulio la kudhuru mwili, na unyanyasaji kwa njia ya mtandao. Mlalamikaji ni mkewe, wana watoto wawili. Usiku wa tukio jirani ndiye aliyenipigia. Nilifika na bodaboda nikamkuta shem kakaa kwenye ngazi za huyo jirani, kashika mkono, kidole cha mwisho kimepinda kuelekea upande sio. Nikampeleka polisi akapewa PF3 (ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa), tukawa hospitali mpaka alfajiri. Kesho yake akaenda kwao na watoto. Kaka akaanza meseji. Sitaziweka zote hapa, ila moja inasema: "hata ukijificha kwa baba yako nakufuata, na huyo baba yako ndo nitaanza naye."

Akakamatwa, akafikishwa mahakamani. Dhamana ikawa wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA na bondi ya milioni 5 kila mdhamini. Mama alilia pale nje, nikasaini. Hakimu alimwambia kaka mbele yangu asimsogelee mlalamikaji wala kumtafuta kwa njia yoyote.

Juzi Mama kaniita, yuko na baba mdogo. Wakanipa karatasi ya daftari imeshaandikwa: "Mimi ........ nimemsamehe mume wangu kwa hiari yangu bila kushurutishwa na mtu yeyote, naomba kesi ifutwe." Chini wameacha nafasi ya dole gumba. Shem ni mwalimu wa sekondari! Nimpelekee mimi kwa sababu "mimi ananisikiliza". Nikikataa, nimemfunga ndugu yangu. Kesi inatajwa tena wiki ijayo.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu, mambo ya chumbani hayapelekwi polisi. Chukua karatasi, beba sukari na kitenge, kamuone mzee wake, yaishe kiutu uzima. Damu nzito kuliko maji. Jamaa akienda jela hao watoto atawalisha nani?

Mama Wawili

Kitenge kwa kidole kilichovunjwa. Haya.

Mleta uzi, kabla ya polisi wazee hawakuwahi kukaa?

MdogoMtu

Walikaa dada, tena si mara moja. Kaka anaomba radhi, shem anaambiwa avumilie maana ndiyo ndoa, tunakula, tunatawanyika.

Karani Mstaafu

Nimekaa masjala ya mahakama muda mrefu, nikwambie inavyokwenda.

Hati ya mashtaka imeandikwa Jamhuri dhidi ya kaka yako. Shemeji yako hapo ni shahidi. Hata akisaini karatasi kumi, mwenye mamlaka ya kuiondoa kesi ni Mkurugenzi wa Mashtaka kupitia waendesha mashtaka wake. Sheria inampa hakimu nafasi ya kuhimiza mapatano kwenye makosa madogo ya kibinafsi, lakini ni pale mlalamikaji anaporidhia mwenyewe, mbele ya mahakama. Karatasi iliyotungwa na mama mkwe haimo humo. Na kwa kidole kilichovunjika pamoja na vitisho vya maandishi, mimi nisingeutegemea huo mlango.

Mtaani watakwambia mke hatoi ushahidi dhidi ya mumewe. Kwa kesi nyingine anaweza kukataa, ni kweli. Ila mume akishtakiwa kwa jambo alilomtendea mkewe huyo huyo, Sheria ya Ushahidi inamruhusu mke asimame, na mahakama inaweza hata kumlazimisha. Na kwa wanaosema kipigo ni mambo ya chumbani: Sheria ya Ndoa ya 1971 inatamka wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga.

Wengi pia wanadhani shtaka la meseji ndilo jepesi. Shambulio la kudhuru mwili linafika miaka 5, hakimu anaweza kwenda chini sana ya hapo. Hili la Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 limewekewa kiwango cha chini: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Familia yenu inahangaika na kidole wakati meseji zimetulia kwenye jalada.

Nijibu kitu kimoja. Usiku ule polisi walikuandika maelezo?

MdogoMtu

Ndiyo, pale dawati la jinsia. Nilieleza nilivyomkuta na alichoniambia, nikasaini.

Karani Mstaafu

Basi hiyo karatasi ndiyo shida yako ndogo. Wewe ni shahidi wa Jamhuri, na wakati huo huo ni mdhamini wa mshtakiwa. Sijui pale mahakamani ilipitaje, labda hakuna aliyeuliza na wewe hukusema. Ukionekana kwa shemeji yako na karatasi hiyo, hawatamwita mama yako wala baba mdogo, wataitwa walioonekana. Kuingilia shahidi ni kosa linalojitegemea. Na baada ya karatasi watakuomba ubadilishe maelezo yako, subiri uone.

Kaka akitoroka, bondi inakudai wewe. Akivunja masharti, dhamana inafutwa. Sheria inamruhusu mdhamini kuiomba mahakama imwondoe. Kaka atapewa nafasi ya kuleta mwingine, akimkosa atasubiri mahabusu. Jitoe.

Kisiki cha Mpingo

Kwa hiyo amtupe ndugu yake mahabusu? Aisee, kizazi hiki!

Nyota ya Ukerewe

Mimi niliwahi kuwa huyo shemeji. Aliyeletwa kwangu na karatasi alikuwa wifi yangu niliyekuwa nampenda kweli, tulikuwa tunasukana nywele. Alikaa sebuleni kwa baba kuanzia saa nne hadi adhuhuri, hakunitisha hata neno moja, analia tu. Nilisaini ili aondoke. Nilipoulizwa na mwendesha mashtaka kama nimeshurutishwa nilishindwa kusema ndiyo, maana ningemtaja yeye.

Usiende kaka. Hata kwenda "kumsalimia tu" usiende kwa sasa. Wewe ndiye uliyempeleka hospitali, mwachie angalau mtu mmoja wa upande huo asiyemuogopa.

BodaWaIgoma

Mkuu kuna kitu sijaelewa. Kaka bado anamsumbua? Simu si ilibaki polisi kama kielelezo?

MdogoMtu

Ilibaki. Sasa anatumia kitochi cha mama. Jana shem kanitumia picha ya simu yake, zile "tafadhali nipigie" zimepangana usiku kucha, hakuna nafasi katikati. Hakuandika kitu, katuma picha tu.

Halafu kingine. Mama vidole vyake havisomi kwenye mashine, amelima sana. Ile laini niliisajili mimi kwa NIDA yangu.

BodaWaIgoma

Yesu na Maria.

Mkuu acha kuandika hapa. Piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako, kisha nenda duka la mtandao husika ukaifunge hiyo. Polisi wakifuatilia namba wanakutana na jina lako. Utajieleza vipi kwamba mdhamini, shahidi na mwenye laini ni mtu mmoja?

Mama Wawili

@Kisiki, anayempeleka kaka mahabusu ni kidole chake mwenyewe kinachobonyeza "nipigie" saa nane za usiku. Mdogo mtu hajambonyezea.

Karani Mstaafu

BodaWaIgoma kasema sawa. Na hiyo picha usiifute, yeye ndiye mwenye kuamua aipeleke kwa mpelelezi. Ukiulizwa, sema ukweli kwamba uliipata.

Ukitaka kumsaidia kaka yako, njia zipo na hazipiti kwa shemeji. Atafute wakili. Kama hela hana, kuna mashirika ya msaada wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwaweka kwa ajili hiyo. Wakili atamwambia kama ushahidi ni mzito na kama kukiri mapema kutampunguzia, hilo si la kuamuliwa kwenye kikao cha ukoo. Hela ya watoto apitishe kwa afisa ustawi wa jamii, apewe kumbukumbu ya maandishi. Akitaka kuwaona watoto aombe hapo hapo ustawi, si kupitia kwa mama wala kwako. Na kama shem atataka talaka, huko ni baraza la usuluhishi kwanza, ni shauri lingine kabisa, msilichanganye na hili.

Kisiki cha Mpingo

Sawa, kwenye laini mmenishinda. Funga hiyo laini dogo. La karatasi bado nasema wazee wangeongea na wazee wenzao.

MdogoMtu

Asanteni wakuu. Laini nimeifunga leo asubuhi. Mama ameniuliza mara moja tu kwa nini simu yake haishiki mtandao, nimemwambia ukweli, ameingia ndani. Karatasi nimeirudisha kwa baba mdogo, kasema atatafuta mtu mwingine wa kuipeleka. Nimempa shem taarifa kupitia kaka yake kwamba karatasi inaweza kuja na haitoki kwangu. Natumaini hilo halina kosa.

Swali la mwisho kwa Karani: hiyo ya kujitoa naandika barua nipeleke masjala sasa hivi, au nasubiri siku ya kutajwa?

Karani Mstaafu

Andika sasa, taja namba ya kesi na jina la mshtakiwa, ipeleke masjala na nakala yako igongwe muhuri. Siku ya kutajwa ufike mapema na kitambulisho chako halisi, umuone mwendesha mashtaka kabla hakimu hajaingia, umweleze kwamba maelezo yako yako kwenye jalada lake. Kesi ikiitwa simama useme mwenyewe. Mpaka hakimu atamke kwamba umeondolewa, bado wewe ni mdhamini, kwa hiyo hakikisha kaka anafika siku hiyo. Mwambie leo aanze kutafuta mtu mwingine, asije akashangaa mbele ya hakimu.