Malindi: fleti ya kodi "kila kitu ndani", tupeane uzoefu

Mhamiaji: Nahamia Malindi kikazi. Dalali kanionyesha fleti ya chumba kimoja upande wa Casuarina, karibu na ufuo, fenicha ndani, 22,000 kwa mwezi pamoja na stima, maji, waifai na mlinzi. Nyingine iko mtaa wa Barani, 9,000, tupu, bili zote juu yangu. Mliokaa huko, msinifiche kitu.

Bi Muyeye: Karibu. Uliza kwanza ni maji gani. Kuna ya mfereji, yatokayo Baricho kwenye Mto Sabaki, na kuna ya kisima. Mimi niliambiwa maji ni bure, kumbe ni ya kisima cha ploti. Sabuni haitoi povu, chai ina chumvi, sufuria zikafanya ukoko mweupe. Ya kunywa na kupikia ikabidi ninunue kwa mkokoteni, mtungi baada ya mtungi. Hiyo "bure" ilinitoka mfukoni kila wiki. Ukienda kuona nyumba fungua bomba la jikoni, uonje. Wakikushangaa, wacha washangae.

Kijana wa Maweni: Kwangu tatizo lilikuwa stima. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba imo ndani ya kodi. Kaskazi ilipoiva, ule msimu wa joto wa Februari na Machi, feni haizimwi usiku, friji nayo inanguruma. Keateka, msimamizi wa ploti, akaja na hesabu yake: "Umezidisha." Nimezidisha nini, na hakuna kiwango kilichotajwa?

Fundi stima: @Kijana wa Maweni, mara nyingi chanzo ni mita moja kulishia fleti zote. Bei ya umeme wa nyumbani hupanda kwa matumizi: hadi yuniti 30 kwa mwezi una bei nafuu, ukivuka 100 unaingia daraja la juu. Sasa fleti sita kwenye mita moja, hata mkiwa wabahili namna gani, 100 mtazivuka tu. Mwenye nyumba anaumia, anawageukia. Mhamiaji, uliza kama fleti ina mita yake.

Dada Shela: Na Desemba je? Hakuna aliyeigusa. Hizi fleti za karibu na ufuo hushuka bei msimu wa kusi, Mei na Juni mji ukiwa hauna wageni. Wageni wakirudi, pale pale kwako panauzwa kwa usiku mmoja mmoja. Mimi nilipewa notisi Novemba, kwa adabu zote, na chai nikakaribishwa. Andikishianeni mwaka mzima, Desemba ikitajwa kwa jina.

Mzee wa Ngala: Tena msitegemee sana baraza la kodi za nyumba, lile la kuamua ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba. Sheria yake inashika nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Siku hizi hiyo ni nyumba gani? Karatasi yako ndiyo wakili wako.

Mhamiaji: Niko kwa mkataba wa kazi wa miezi sita tu, kuanzia Mei.

Bi Muyeye: Basi chukua ya Casuarina, mwanangu. Kitanda, friji na jiko ukivinunua leo, Oktoba utaviuza kwa bei ya kutupa. Ungekuwa unakaa miaka miwili ningekwambia Barani bila kufikiri. Lakini mbane dalali ateremke, Mei hana mteja mwingine.