Kwa nini muuzaji apewe televisheni na mtetezi anyimwe?

Mtetezi (ameuliza)
Wakuu, kuna jambo linanikera na naomba maoni yenu ya dhati.

Mwaka 2005 kikundi cha kutetea wanyama cha Uingereza, Animal Defenders International, kilitengeneza tangazo la televisheni. Linaanza na kizimba chenye giza. Polepole anajitokeza msichana, kafungwa minyororo. Kioo kinazimika, yanapita maneno kwamba sokwe ana akili za mtoto wa miaka minne. Mwisho anaonekana sokwe, kakaa palepale alipokuwa yule msichana, vilevile. Unaombwa uagize kabrasha la elimu kwa pauni 10, basi.

Likakataliwa, wala hakuna aliyesema lina uongo au matusi. Sheria ya Mawasiliano ya 2003, kifungu cha 321, inazuia matangazo ya taasisi ambayo malengo yake yote, au mengi yake, ni ya kisiasa, na kutaka sheria ibadilishwe kunahesabiwa siasa. Kesi ikafika Strasbourg. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema marufuku hiyo haivunji uhuru wa kujieleza. Majaji 9 dhidi ya 8!

Nimejitolea miaka sita kwenye kikundi kidogo, najua tunavyochangishana hadi senti ya mwisho. Anayeuza nyama anatangaza asubuhi na jioni. Anayesema "punguzeni nyama" anafungiwa mlango. Hii ni haki gani?

Mzee wa Hoja
Uchungu wako naujua, mkuu, ila mimi niko upande wa wale 9. Mlango huo ukifunguliwa, hutaingia wewe na michango yako. Ataingia tajiri aliyeunda kikundi juzi, kakipa jina tamu, na anaweza kununua kila nafasi kabla ya taarifa ya habari mwezi mzima. Mwenye nguvu mpishe. Tazama Marekani: mwaka 2010, kwenye kesi ya Citizens United, Mahakama ya Juu iliondoa vizuizi vya kampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha zao kivyao wakati wa uchaguzi. Uingereza hata vyama vya siasa haviruhusiwi kununua muda, vinagawiwa nafasi za bure. Na marufuku ni ya televisheni na redio tu. Magazeti, sinema, mabango na mtandao viko wazi.

Karani
Mzee, hiyo ya mtandao ndiyo inayoniondolea imani na sheria yenyewe. Mwaka 2018 Iceland, kampuni ya maduka ya vyakula ya Uingereza, ilitaka kurusha kwenye televisheni katuni ya Greenpeace, kikundi cha kutetea mazingira, kuhusu orangutani na mafuta ya mawese. Ikazuiwa kwa sababu ya mkono wa Greenpeace, na watu wakaitazama mtandaoni mamilioni ya mara. Sasa sheria ilimkinga nani?

Halafu mahakama hiyohiyo ya Strasbourg, mwaka 2001, iliiambia Uswisi imekosea kukizuia kikundi kilichotaka tangazo la kuhimiza watu wapunguze kula nyama, lenye picha za nguruwe. Kwa hiyo Mtetezi hajapotoka.

Linaloniuma mimi ni la redio. Mwaka 1994 tawi la Uingereza la Amnesty International, shirika la haki za binadamu, liliomba kutangaza kuhusu Rwanda na Burundi. Likakataliwa kwa sheria ya wakati ule, na mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Jamani, Rwanda, mwaka 1994, na jibu ni kwamba ninyi ni wanasiasa.

Mtetezi
Karani, hilo la Amnesty sikulijua. Nimelisoma mara mbili.

Mzee, hoja ya tajiri naikubali, sina la kubisha. Lakini dawa yake ni kumbana tajiri. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wekeni kikomo cha fedha ambacho hata kikundi kidogo kinaweza kukikaribia. Fungeni kabisa wakati wa kampeni za uchaguzi. Jina la anayelipa likae kwenye kioo tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, kwa herufi zinazosomeka. Akivuka kikomo kwa kujificha nyuma ya vikundi vitano, vyote vitano vifungiwe.

Mzee wa Hoja
Na nani atavifuatilia hivyo vitano hadi kwenye mfuko mmoja? Nionyeshe huyo, nami nitahama upande.