Kutoa redio kuukuu ya gari bila vyuma vyake: hanga, spoki au msumari?

Wa Umoja
Wadau, redio ya Peugeot yangu imezima kabisa. Ni ile iliyokuja na gari, ina vitundu viwili kila upande. Vyuma vya kuitolea sikupewa. Mmoja ananiambia nitumie waya wa hanga, mwingine spoki za baiskeli, jirani yangu anasema misumari ya inchi 3. Nani amejaribu? Sitaki kuchubua dashibodi.

Spana Kumi
Misumari achana nayo kabisa. Tulijaribu kwa gari la shemeji. Iliingia, sawa, lakini utaishika wapi uvute? Tukabaki tunaangalia redio yenye misumari minne usoni kama kitu kilichorogwa.

Hanga iliwahi kunisaidia, ila waya wake ni laini. Unapinda kabla haujafika ndani.

Fundi wa Kariobangi
Spoki, bila mjadala. Hazipindi ovyo, na unahitaji mbili tu: kila moja ikunje kama herufi U, miguu ilingane na umbali wa vitundu, ncha uzipige tupa kidogo.

Lakini elewa kinachoishika. Redio imekaa ndani ya fremu ya bati, na ubavuni ina vyuma vya springi vilivyong'ata fremu hiyo. Sukuma spoki kama sentimita 5 hadi usikie "tik". Usivute bado! Zitanue kwa nje, ya kulia ielekee mlango wa kulia na ya kushoto vivyo hivyo, halafu uvute ukiwa umezitanua. Wengi wanavuta moja kwa moja tu bila kuzitanua, spoki zinatoka zenyewe, kisha wanalaumu spoki.

Na ikianza kutoka, polepole. Kuna waya wa eriali nyuma.

Mama Probox
Yangu haikuwa na kitundu hata kimoja, nikadhani nimepofuka. Kumbe hizi za Japani zimefungwa kwa skrubu kwenye mabano ya pembeni. Unabandua ule urembo wa plastiki (nilitumia kadi ya benki iliyoisha muda), halafu ni bisibisi ya nyota na spana ya 10. Niliitoa kwa sababu FM yake ilianzia 76 ikakomea 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Dereva wa Rongai
Na zile za kununua dukani, Pioneer, Sony, Kenwood, nyingi hazitaki spoki. Toa fremu ya plastiki ya mbele, utaona mianya myembamba pembeni. Hapo mimi nilisaga wembe wa msumeno wa chuma ukawa mwembamba, ukaingia vizuri. Vaa glavu, nina kovu la ushahidi.

Spana Kumi
@Wa Umoja, ama upite Kirinyaga Road umwombe fundi wa redio akutolee. Ni kazi ya dakika mbili kwake. Ila utaingia kwa redio na utoke umeuziwa spika.

Fundi wa Kariobangi
😂 Si uongo. Nilisahau: chomoa hasi ya betri kwanza. Na uwe na namba ya siri ya redio. Nyingi za Ulaya zikikosa umeme zinajifunga.

Wa Umoja
Mrejesho. Spoki mbili kutoka kwa fundi wa baiskeli hapa mtaani, shilingi 40. Upande wa kushoto ulikubali mara moja, wa kulia ukanisumbua nusu saa kwa sababu nilikunja U pana mno. Dashibodi haina hata mkwaruzo.

Nyuma ya redio nikakuta fyuzi ya ampea 10 imeungua. Redio ni nzima! Nimeweka nyingine, nikairudisha, ikawaka vizuri, ikaandika CODE.

Namba iko kwenye kitabu cha gari. Kitabu kiko kwa aliyeniuzia. Nampigia tangu asubuhi, hashiki.