Cessna 172S kwenye kiwanja cha majani cha mita 750, futi 5,000 juu ya bahari: hesabu inakubali?

Tetere

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaovijua viwanja vya porini.

Ndege ni Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja, uzito kamili (kilo 1,157). Kiwanja kina mita 750 za majani makavu yaliyofyekwa, kiko futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto linafika nyuzi 30. Upande wa kuingilia kuna miti ya kama mita 15 mwanzoni kabisa mwa njia, kisha njia inapanda kidogo, kama asilimia 2. Jedwali la kutua njia fupi kwenye kitabu cha ndege linanipa karibu mita 480 kuanzia futi 50 juu ya ardhi hadi ndege isimame, kati yake 220 ni za kukimbia ardhini. Zinabaki mita 270. Hiyo ni akiba ya kutosha? Na mikono inafanya nini tofauti na kwenye lami?

Kipanga wa Bondeni

Mkuu Tetere, 480 hiyo ni ya lami kavu na tambarare, hakuna upepo, breki nzima, kasi sahihi kabisa. Kabla hujasema "zinabaki", soma maelezo madogo yaliyo juu ya jedwali.

Majani makavu: ongeza asilimia 45 ya umbali wa kukimbia ardhini. 45% ya 220 ni 99, tayari uko 579. Upepo wa nyuma: kila noti 2 (noti ni kipimo cha kasi cha marubani) zinaongeza asilimia 10. Soksi ya upepo (mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo) ikilegea, noti 4 za nyuma huzioni kwa macho, lakini zinakupeleka mita 695. Upepo wa mbele unapunguza asilimia 10 kwa kila noti 9. Angalia huo uwiano: wa nyuma unaumiza zaidi ya mara nne kuliko wa mbele unavyosaidia.

Halafu kuna akiba. Mamlaka ya anga ya Uingereza inawashauri marubani binafsi wazidishe umbali wa kutua kwa 1.43. Mimi naona ni ushauri wa kufuatwa hata huku kwetu, kwa sababu kitabu hakijui tairi zako zimelika kiasi gani. 579 × 1.43 = mita 828. Kiwanja ni 750, kwa hiyo mchana, ndege ikiwa imejaa na hakuna upepo, jibu ni hapana.

Ukiweka noti 9 kamili za mbele unapata kama 745, na hapo umebakiwa na mita 5. Tena utaratibu mzuri ni kuhesabu nusu tu ya upepo wa mbele, na mara moja na nusu ya upepo wa nyuma. Mpando wa asilimia 2 usiutoe kwenye hesabu, uache uwe faida yako.

Fundi Propela

Hesabu ya Kipanga ni sahihi, ila tumeanza na mlango wa kuingilia. Kwa 172S kwenye mwinuko huo, kinachokufunga ni kuruka.

Fungua jedwali la kuruka njia fupi: uzito kamili, futi 5,000, nyuzi 30. Umbali wa kuvuka kikwazo cha futi 50 unapita mita 750 kabla hujaongeza chochote, na majani makavu yanadai asilimia 15 nyingine ya umbali wa ardhini. Yaani unaweza kutua vizuri, ukashangilia, kisha ndege ikalala pale hadi mzigo utolewe na asubuhi ifike. Siku zote anza na hesabu ya kutoka, ndipo uje kwenye ya kuingia.

Sababu ni hewa. Kwa futi 5,000 joto la kawaida la vitabu ni nyuzi 5. Wewe una 30, tofauti ni 25, na kila nyuzi moja ni kama futi 120. Injini, propela na mabawa vinafanya kazi kama viko futi 8,000. Ndiyo maana kitasa chekundu cha mafuta (kinachopanga mchanganyiko wa mafuta na hewa) usikisukume hadi mwisho kwa mazoea ya viwanja vya pwani. Juu ya futi 3,000, kabla ya kuruka, simama, fungua throto (kitasa cha nguvu ya injini) yote, punguza mafuta mpaka mizunguko ya injini ifike juu kabisa, na uache hapo. Wakati wa kuja kutua ni vivyo hivyo: ukiweka mafuta mengi kupita kiasi halafu ukahitaji kupaa tena bila kutua, injini itatoa moshi mweusi na nguvu pungufu, na mbele yako kuna mpando.

Tetere

Asanteni sana, hilo la kuruka sikulipa uzito wake. Nikienda asubuhi, nyuzi 12, na kupunguza uzito kwa asilimia 10, hali inakuwaje? Na njia ya kuingilia juu ya ile miti?

Kipanga wa Bondeni

Asubuhi kwa nyuzi 12 jedwali linashuka hadi karibu 457, ardhini 208. Na majani ni 551. Uzito ukipungua asilimia 10, umbali unashuka takriban kwa kiwango hicho hicho, karibu 500. Zidisha 1.43: mita 715. Hapo unaingia kihalali. Asilimia 10 ni kama kilo 115: abiria mmoja wa kilo 80 abaki, na lita 50 za mafuta zibaki (lita moja ni kama kilo 0.72). Akiba ya mafuta ya safari usiiguse. Kama hesabu inataka uiguse, abiria wa pili naye abaki. Kisha rudi kwenye majedwali ya kuruka ya uzito mdogo, yamo kitabuni, uone kama nayo yanakubali.

Soksi ya Upepo

Nijibu la miti. Ukivuka futi 50 kwa mshuko wa kawaida wa nyuzi 3, mstari wako unagusa ardhi mita 290 mbele. Kwa nyuzi 4.5 unagusa mita 195. Karibu mita 100 zimeokolewa bila kugusa breki. Kwa hiyo: fainali (mstari wa mwisho wa kuingia) ndefu kidogo, flapu 30 (mabamba ya nyuma ya mabawa yashushwe nyuzi 30), noti 61 kwenye geji ya kasi, mwinuko juu kidogo ya kawaida, nguvu kidogo ya injini, na ushuke kama futi 550 kwa dakika mchana wa joto.

Sehemu unayolenga itulie kwenye kioo. Ikipanda kiooni utaishia kabla yake, ikishuka utaipita. Pua inashika kasi, throto inashika mstari. Usije chini-chini ukiivuta ndege kwa nguvu ya injini juu ya matawi. Injini ikikohoa, hapo huna chaguo lolote.

Mtego wa mwinuko: geji inasoma 61, lakini kwenye hewa hiyo ya mchana ndege inakwenda noti 69, mita 35 kila sekunde. Ardhi inakimbia kuliko ulivyozoea, mkono unataka kuvuta pua ili "kupunguza". Hapo ndipo stoli (mabawa kushindwa kuibeba ndege) inapotokea juu ya miti. Amini geji. Na upande wa pili, ukija na 67 badala ya 61, umbali wa kukimbia unaongezeka kama asilimia 21, na ndege inaelea. Sekunde tatu za kuelea ni mita 100 zimeondoka.

Ukigusa: throto imefungwa, pua chini, flapu juu, usukani nyuma, breki kwa nguvu bila kufunga magurudumu. Flapu juu zinahamisha uzito kwenye tairi. Kwenye ndege yenye magurudumu ya kukunja mimi nasema ziache mpaka usimame, kwa sababu mkono ukishika kitasa cha magurudumu badala ya cha flapu unatua kwa tumbo.

Uamuzi wa kupaa tena ufanye kabla ya miti. Futi 300 juu ya ardhi, kama kasi, mstari au upepo havijakaa, throto yote, flapu mara moja hadi 20, noti 60, kisha flapu 10 hadi vikwazo viishe. Flapu 30 kwenye hewa nyembamba hazikupandishi popote.

Fundi Propela

Naongezea ule mpando, kwa sababu macho yanadanganya. Njia inayopanda inakufanya ujione uko juu sana, unashusha, na unajikuta kwenye matawi. Asilimia 2 ni ndogo ila inatosha.

Mfano wa mwisho kabisa ni Lukla, Nepal: mita 527, futi zaidi ya 9,300, mpando wa asilimia 11.7. Wanatua kupanda, wanaruka kushuka, na mwisho wa njia kuna mlima, kwa hiyo fainali ikifika mahali fulani hakuna kupaa tena. Mpando huo ni karibu nyuzi 7. Ukija kwa mshuko wa nyuzi 3 lazima ugeuze pua karibu nyuzi 10 ili magurudumu yalale sambamba na ardhi, kwa hiyo nguvu ya injini inabaki hadi kugusa, na baada ya hapo inatumika kupandia hadi maegesho. Safari hupangwa asubuhi, kabla ya upepo na mawingu ya mchana. Oktoba 2008 ndege ya abiria aina ya Twin Otter ilianguka pale karibu na mwanzo wa njia, ukungu umetanda, watu 18 kati ya 19 wakafariki.

Mbuga Nyeusi

Mmesahau ardhi yenyewe. Mtu wa pale apite njia nzima na gari, kilomita 50 kwa saa. Likirukaruka, ndege inaweza kuvunjika mguu wa mbele. Atafute mashimo ya muhanga, yanachimbwa usiku mmoja. Kama udongo ni mweusi wa mbuga na imenyesha, ahirisha: unateleza kama sabuni, kisha unajaza vifuniko vya tairi mpaka magurudumu yanagoma kuzunguka. Vifuniko hivyo vivue kabisa msimu wa mvua, ila uangalie kitabu, namba za mwendo zinabadilika. Majani mafupi mabichi yenye umande nayo ni hatari: Waingereza wanasema umbali unaweza kuongezeka hadi asilimia 60. Kwa hiyo hiyo asubuhi yako ya nyuzi 12, Tetere, subiri umande ukauke.

Ukifika, pita kwanza futi 500 pembeni, njia iwe upande wako wa kushoto uione vizuri. Kama kuna pundamilia au nyumbu, pita mara ya pili chini zaidi kuwafukuza, kisha tua mara moja. Ukizunguka sana wanarudi. Nyumbu mmoja akivuka, wa nyuma yake wote watamfuata, hata kama propela iko mbele yao.