Hii maktaba ya grafu (msimbo wa kuchorea grafu) imetundika vipimo 13 kwenye msumari mmoja na haioni haya!

Wakuu, msiniulize ni ipi. Ni ile ile. Ile inayotangulia kila mtu akitafuta grafu za kuweka kwenye programu ya simu, ile ambayo kila mwongozo unasema "mistari mitano tu". Mistari mitano ya kukuchimbia kaburi!

Kipimo kinaingia kila sekunde 10. Muda wake ni milisekunde tangu 1970, kama dunia nzima inavyohifadhi. Unaipa orodha, unaita invalidate() ili ichore upya, grafu inatokea: nukta 13 zimesimama wima sehemu moja ya mhimili wa X, kama nguo za ukoo mzima kwenye msumari mmoja. Halafu mstari unaruka hadi msumari wa pili. Nguo nyingine 13.

Logi ya makosa? Kimya. Haikufa, haikuonya. Imechora uongo kwa rangi nzuri na madoido juu.

Kumbe kwa ndani kila namba inageuzwa floti (namba ya desimali) ya biti 32, inayobeba tarakimu 7 hivi za maana, na milisekunde za leo zina tarakimu 13. Kwa ukubwa huo, kutoka floti moja hadi inayofuata ni milisekunde 131,072. Dakika mbili na ushee! Kipimo cha katikati kinasukumwa kwenye msumari wa jirani. NGUO 13, MSUMARI MMOJA. Hata bibi wa ile maktaba asingekubali.

PipaTupu: 😂😂 Mkuu umemimina pipa kwenye kikombe halafu unakitukana kikombe. Gawanya kwa 1,000 upate sekunde, ukalale.

Biti64: @PipaTupu usimpoteze mwenzio. Sekunde tangu 1970 ni bilioni 1.7 na zaidi, na hapo hatua ya floti ni 128. Sekunde 128! Umegawanya kwa elfu na msumari uko pale pale. Dawa ni kutoa. Muda wa kipimo cha kwanza uweke pembeni kama namba nzima ya biti 64, utoe kwenye kila kipimo KABLA ya kugeuza floti, kisha ndiyo ugawanye. Floti haikosei namba nzima hadi 16,777,216, yaani sekunde za siku 194. Kwenye fomata ya lebo (msimbo unaoandika maandishi ya mhimili) unaurudisha ule muda wa kwanza, kwa biti 64 vilevile. Ukitoa baada ya kugeuza, nguo zimeshatundikwa.

Mleta uzi: Dawa naijua! Kinachouma ni UKIMYA. Ingekufa tu, tungezika.

LeboMbiliMbili: Afadhali msumari. Vuta grafu karibu uone mhimili unavyosoma 3, 3, 4, 4, 4, 5 kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Hatua kati ya lebo imeshuka hadi 0.4, fomata inakata desimali. Weka hatua ya chini kabisa iwe 1, ugonjwa umekwisha.

KimoSifuri: Nyie mna grafu ya kulalamikia. Wengine ni eneo jeupe tu. Ukiiweka ndani ya ukurasa unaoteleza na kuiambia ijipime yenyewe, inaweza kujipima sifuri. Ipe kimo cha namba, dp 240 hivi (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini).

Mleta uzi: Sawa, ila turudi kwenye msumari...

KobeWaSkrini: Msumari umeota kutu mkuu. Mjadili wanaomwaga nukta 50,000 kwenye skrini ya pikseli 1,080 kwa upana kisha wanasema simu ni nzito. Kila safu wima ya pikseli ibakize nukta ya chini na ya juu kabisa, basi. Wa kuchukua wastani msiniguse, mnafuta vilele, na vilele ndivyo vitu anavyotafuta mtu.

PipaTupu: Nukta si tatizo. Tatizo ni bosi anayetaka grafu ya duara yenye vipande 14. Lebo zinakanyagana kama abiria mlangoni.

LeboMbiliMbili: Duara!! Vipande vitatu sawa, kila kimoja 33%, jumla 99. Moja kaila nani?

Biti64: Kila kipande kimekadiriwa kivyake. Kata desimali zote kwanza, asilimia zilizobaki wape wenye desimali kubwa, kimoja kimoja hadi 100. Zikilingana, fuata mpangilio wa orodha.

KobeWaSkrini: Au chora nguzo za kulala, uachane na duara kabisa.

Mleta uzi: Jamani, nguo 13...

PipaTupu: Ngoja mkuu. @KobeWaSkrini nguzo za kulala zenye majina marefu ya bidhaa unaziwekaje? Maana upande wa kushoto maandishi yanakatwa.