Menta wa Marekani kwenye feloshipu za utafiti: msaada kweli au muhuri tu?

Mleta mada: Wakuu habari za jioni. Kuna ile feloshipu inaitwa K43, ya kituo cha Fogarty kilicho chini ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), ni ya watafiti wachanga wa nchi zetu hizi ambao tayari wana kazi kwenye chuo au taasisi ya utafiti. Masharti mawili yananitatiza: lazima uwe na menta (mlezi wa kitaaluma) wawili, mmoja wa Marekani mmoja wa huku, halafu asilimia 75 ya muda wako wa kazi iende kwenye utafiti na mafunzo. Mi naona hilo la menta ni muhuri tu. Wanaangalia jina la mzee na CV yake ndefu, masaa anayokaa na wewe hakuna anayehesabu. Mi barua ya menta wangu (sio K43, feloshipu nyingine) niliiandika mwenyewe usiku, nikamsifia yeye, nikajisifia na mimi, asubuhi akasaini anasubiri ndege. Toka hapo tumeonana mara mbili mwaka mzima.

Dokta wa wodini: Hapo kwenye barua umetugusa wengi 😂 Ila wangu wa Marekani ndo kanifundisha kuandika, rasimu ilikuwa inarudi nyekundu tupu. Kwangu mimi kisanga ni hiyo 75. MD (udaktari) miaka 5, intanishipu mwaka, MMed (ubingwa) mitatu, unarudi hospitali ndo bingwa pekee wa idara, sasa mwambie bosi kwamba kwa wiki utamfanyia siku moja na robo, anakutazama kama mwanaume uliyeomba likizo ya uzazi.

Dada wa maabara: Na menta wa huku je? Maprofesa wanaokubalika ni walewale, kila fomu majina yaleyale. Siku friza ya nyuzi hasi 80 ilipozima ilikuwa Jumamosi saa tano asubuhi, umeme hamna, jenereta inakohoa tu, menta wa Marekani kwake ni saa tisa usiku, wa huku yuko semina Dodoma. Aliyekuja ni fundi sanifu wetu, ana diploma, kaja na kandambili, tukahamisha sampuli boksi kwa boksi kwenye barafu kavu hadi vidole vikafa ganzi. Kwenye fomu yangu huyo hayupo popote.

Msema kweli: Jamani ni hela ya walipa kodi wao. Hata kwao kuna vigezo, F31 (feloshipu ya NIH ya wanafunzi wa PhD) ni ya raia na wenye ukaazi wa kudumu, K99 (ya waliomaliza PhD) mgeni anaomba ila asiwe amezidisha miaka 4 ya utafiti baada ya PhD. Hutaki kupangiwa menta, idai serikali yako itoe feloshipu.

Mleta mada: Hilo la hela sibishi, na sijasema wafute menta. Nasema kila mwaka felo (mwenye feloshipu) ajaze ripoti yake peke yake, mzee asiione, mlikaa masaa mangapi na mlifanya nini. Na fundi wa dada hapo juu awe na sehemu yake kwenye fomu, na posho juu.

Dokta wa wodini: Mzee asiione sawa, ila akaunti yake ya kujazia hizo fomu si unayo wewe? 😂

Mleta mada: 🙈 Ninayo.