Kafili wangu anataka nimlee mtoto wa duma, naomba ushauri

Mwana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote, na wakubwa wangu shikamooni.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na huu ni mwaka wa 6 tangu nianze kazi Sharjah, katika Falme za Kiarabu, kwa familia ambayo, nasema kwa haki, haijawahi kunidhulumu. Kazi yangu ni bustani na mabanda ya nyuma, ambako wanafugwa mbuzi, njiwa na kozi wawili wa kuwindia. Wiki tatu zilizopita mtoto wa kiume wa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini kufanya kazi huku, alirudi usiku na kitundu cha plastiki cha kubebea paka, akakitua mbele yangu, na ndani alikuwamo mtoto wa duma aliyenunuliwa kwa mtu aliyemtangaza mtandaoni. Niliambiwa nimlee, na kwamba nitaongezewa dirham 600 kila mwezi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtazama kwa karibu. Ana manyoya marefu ya kijivu yaliyosimama kutoka kisogoni hadi mgongoni, kama ya nyegere, na ile mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi pembeni mwa mdomo. Anakula kidari cha kuku kisicho na mfupa, kilichokatwakatwa, kwa kuwa ndivyo muuzaji alivyoelekeza. Kwa siku nne sasa miguu yake ya nyuma inatetemeka anaposimama, na akiruka kutoka kwenye kochi hulia na kukaa chini papo hapo. Usiku hatoi sauti ya paka wala ya mnyama mkali. Hutoa mlio mwembamba kama wa ndege, hunyamaza kidogo kana kwamba anasikiliza, kisha huanza tena mpaka alfajiri.

Nina watoto wawili wanaosoma kwa kazi hii, kwa hiyo siwezi kuamka tu na kusema naacha. Je, nikubali? Je, kuna namna ya kumfuga mnyama wa aina hii vizuri, ikiwa fedha ipo na nia njema ipo? Na kama haipo, nitamwambiaje mtu anayenilipa?

Tabibu wa Mifugo, Morogoro

Ndugu yangu, kabla ya mengine yote, ondoa hicho kidari cha kuku leo hii. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili wa mtoto anayekua, ukikosa kalsiamu kwenye chakula, huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa inakuwa laini, inapinda, na huvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Hayo unayoyaeleza kuhusu miguu ya nyuma ndiyo dalili zake hasa. Mpe mnyama mdogo mzima pamoja na mifupa yake ikiwa mibichi, kama vile kware au sungura, kwa kuwa mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Usimruhusu kupanda mahali pa juu. Na aonwe haraka na daktari wa wanyama ili apigwe eksirei. Usimpe vidonge vya kalsiamu kwa kukisia kipimo.

Kuhusu swali lako la pili, duma ni miongoni mwa wanyama wanaoumia sana kwa kufungiwa. Hata kwenye bustani za wanyama zenye wataalamu, wengi wao hupata uvimbe usiokwisha wa kuta za ndani za tumbo na maradhi ya figo, na msongo wa kuishi kifungoni umehusishwa na maradhi hayo. Fedha hainunui uwanda wa kukimbilia.

Bin Salim, Maskati

Assalamu alaikum. Naomba nitoe upande mwingine, kwa kuwa naona tunaelekea kumhukumu huyo kijana kana kwamba ni katili. Huku kwetu mapenzi ya wanyama wa kuwindia ni ya asili. Fahd, yaani duma, aliwinda pamoja na watu kwa karne nyingi, akipanda nyuma ya farasi na kulishwa kwa mkono. Duma si kama simba au chui: ni mpole, hukoroma kama paka wa nyumbani, na ni nadra kumshambulia mtu mzima. Huko Afrika anauawa na wafugaji kwa sababu ya mbuzi. Je, si afadhali aishi kwenye nyumba yenye nafasi, chakula na daktari, kuliko kupigwa rungu porini?

Tabibu wa Mifugo, Morogoro

Bin Salim, wa alaikum salaam. Historia unayoitaja ni ya kweli, lakini inafika mahali pasipopendeza. Inasimuliwa kwamba mfalme Akbar wa India alikuwa na duma wapatao 1,000 kwa wakati mmoja, na pamoja na uwezo wote wa dola yake, uzao mmoja tu ndio uliowahi kuandikwa, zama za mwanawe Jahangir. Baada ya hapo ulimwengu haukupata taarifa nyingine ya duma aliyezaa kifungoni mpaka mwaka 1956, katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, Marekani. Maana yake ni kwamba kila duma aliyepanda nyuma ya farasi alikamatwa porini, na alipokufa akakamatwa mwingine. India ilitangaza mwaka 1952 kwamba duma wake wamekwisha. Arabuni pia waliwahi kuwapo, na leo katika bara lote la Asia duma wa asili wamebaki Iran tu, nao ni wachache mno.

Mzee wa Ndutu

Mwanangu wa Pangani, marahaba. Nilikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka 22, mingi nikiwa kwenye mbuga za kusini mwa Serengeti, na ninayokueleza nimeyaona kwa macho.

Hayo manyoya ya kijivu hupungua mtoto anapopita miezi mitatu, kwa hiyo ikiwa bado yamesimama, wako alinyakuliwa akiwa angali ananyonya. Mama duma hulea peke yake. Huwaficha watoto kwenye majani marefu, huwahamisha mmoja mmoja kwa kuwabeba mdomoni, na hulazimika kuwaacha kila anapokwenda kuwinda, na hapo ndipo simba na fisi huwakuta. Wakishatoka mafichoni humfuata kila mahali. Nimewahi kumtazama mama akimletea mwanawe mtoto wa swala tomi aliye hai, akamwachia mbele yake, mtoto akamkimbiza na kumkosa, mama akamrudisha, akamkosa tena. Masomo hayo huchukua karibu mwaka mmoja na nusu. Mwanadamu hawezi kuyafundisha bustanini, na asiyeyapata hawezi kurudishwa porini akaishi.

Wale wanaoishia huko Ghuba wengi hutoka Ethiopia na nchi za Wasomali. Wachungaji huwakuta kichakani mama akiwa mawindoni, au humuua mama kwa hasira ya mbuzi walioliwa, kisha watoto huuzwa, husafirishwa hadi pwani ya Somaliland, na kuvushwa kwa majahazi Ghuba ya Aden kwenda Yemen na kuendelea. Cheetah Conservation Fund, shirika lililoanzia Namibia na lenye kituo Somaliland cha kuwatunza waliokamatwa njiani, limekadiria kwamba watoto wapatao 300 hutoroshwa hivyo kwa mwaka, na wengi hufa kabla ya kufika. Duma waliobaki porini duniani kote ni kama 7,000 tu. Kwa hiyo Bin Salim, huyo aliyefika kwenye nyumba yenye nafasi na daktari amepita juu ya mizoga ya ndugu zake, na bei aliyolipiwa ndiyo inayompeleka mtu kichakani mara ya pili.

Mwanasheria wa Kisauni

Nitazungumza kuhusu usalama wako wewe, kaka, kwa sababu hakuna aliyeugusa. Falme za Kiarabu zina sheria ya shirikisho ya mwaka 2016 inayokataza mtu binafsi kufuga wanyama wakali wa porini nyumbani. Ruhusa ni kwa bustani za wanyama, hifadhi, sarakasi na vituo vya uzalishaji na utafiti. Anayempeleka duma au chui hadharani anaweza kufungwa hadi miezi 6 na kutozwa faini ya hadi dirham 500,000. Aidha, duma yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, tangu mwaka 1975, yaani biashara ya kimataifa ya duma wa porini imekatazwa, isipokuwa idadi ndogo iliyotengewa Namibia, Botswana na Zimbabwe.

Fikiria sasa ni nani atakayeshika kamba duma huyo akitakiwa kutembezwa, na ni nani atakayeendesha gari. Usimpandishe kwenye gari kwa matembezi, usipige naye picha, na usipokee hizo dirham 600, kwa kuwa ukishazipokea umekuwa mtunzaji wake kwa malipo.

Mama Furaha, Columbus

Nawasalimu kutoka Ohio. Mji wa Zanesville uko mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa kwetu, na majirani waliotutangulia bado wanahadithia ule usiku wa Oktoba 2011. Mtu mmoja aliyekuwa akifuga wanyama wakali shambani kwake alifungua vizimba kisha akajiua. Polisi hawakuwa na dawa za kuwalaza wanyama, na giza lilikuwa linaingia, kwa hiyo waliwapiga risasi: simbamarara 18 na simba 17 walikuwa miongoni mwa waliouawa. Shule zilifungwa, na vibao vya barabarani viliwaka kuwaambia madereva wasishuke kwenye magari. Askari wale hawakutaka kufanya hivyo, na nasikia wako walioumia moyoni muda mrefu.

Mwaka uliofuata Ohio ilitunga sheria yake, na Desemba 2022 Marekani nzima ikapiga marufuku watu binafsi kufuga paka wakubwa, duma akiwamo, isipokuwa waliokuwa nao tayari wakawasajili. Hata wale waliowapenda wanyama wao kweli hawakuweza kuahidi nini kingetokea siku wao wakiugua, wakifilisika au wakifa.

Bin Salim, Maskati

Nimesoma yote, na nakiri kwamba habari ya majahazi sikuijua kwa kiasi hicho. Basi nimsaidie ndugu yetu kwenye lile swali la tatu, kwa kuwa nawafahamu watu wa huku.

Usiseme na kijana, na usiseme mbele ya wageni. Mwendee baba yake peke yake, baada ya swala ya alfajiri, akiwa ametulia na kahawa yake. Usianze na sheria, kwa sababu itasikika kama kitisho kutoka kwa mfanyakazi. Anza na mguu wa mnyama. Mwombe aje amwone anavyotetemeka. Kisha mwambie kwamba unahofia jina la nyumba yake, na kwamba ni heri yeye mwenyewe awapigie wahusika kuliko jirani kumtangulia. Mtu mzima akiachiwa nafasi ya kufanya jambo la heshima, mara nyingi hulifanya.

Mwana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Nawashukuru sana, na naomba radhi kwa kukawia siku tisa.

Nilimbadilishia chakula siku ileile. Kware wa kwanza alimlamba tu, wa pili alimtafuna mpaka miguu. Jumatatu alfajiri nilimwendea mzee kama Bin Salim alivyonielekeza. Alikuja bandani na kanzu yake ya kuswalia, akachuchumaa, na mtoto wa duma alipojaribu kumjia, mguu wa nyuma wa kulia ukakunjika chini yake. Mzee hakusema neno. Saa 3 asubuhi daktari aliitwa nyumbani, na eksirei ikaonyesha mifupa myembamba mno na ufa kwenye mguu huo. Siku iliyofuata mzee mwenyewe alipiga simu kwa mamlaka, na Alhamisi walikuja kumchukua. Niliwapa karatasi niliyoandika saa alizokula, kiasi alichokula, na ule mlio wake wa usiku.

Kazi yangu ipo. Kijana hakuzungumza nami kwa siku tatu, na sikumlaumu, kwa maana alimpenda. Jana alikuja bandani akaniuliza kama ni kweli kwamba mama yake yule duma aliuawa. Nilimjibu kwamba sijui, kisha nikampa simu yangu ikiwa imefunguliwa kwenye maelezo ya Mzee wa Ndutu, akaketi juu ya gunia la chakula cha njiwa na kuyasoma kwa tafsiri ya simu mpaka mwisho.